Damu isiyo na maelezo: mara nyingi hakuna aliyeangalia inatoka wapi

Malalamiko yanayotufikia kwenye sanduku la maoni yanafanana: "Nimezunguka miezi minane, hela imekwisha, kila nikienda naambiwa UTI, na damu bado inatoka." Sisi wa kitengo cha magonjwa ya wanawake na uzazi hapa Mtwara tunayachukulia kwa uzito. Yapo ambayo kosa ni la watoa huduma, na tunalisema wazi humu. Yapo pia yanayotokana na mambo ambayo wananchi wameyashikilia na hayana msingi. Makala haya ni elimu tu. Hayachukui nafasi ya daktari aliyekuona.

Tunazungumzia hedhi inayozidi siku nane, hedhi inayorudi kabla ya wiki tatu kutimia, matone katikati ya mwezi, damu baada ya tendo la ndoa, na damu ya mama ambaye hedhi yake ilishakoma. Hiyo ya mwisho tunaitilia mkazo, maana wapo kina bibi wanaopongezwa na mashoga zao kwamba ujana umerudi. Haurudi. Hedhi ikishakoma miezi 12 mfululizo, tone lolote linalofuata ni la kuchunguzwa. Wengi tunawakuta na mambo madogo, kama ukuta wa uke kukauka na kuchubuka. Wachache tunawakuta na saratani, na hao wachache ndio tunaowatafuta.

Neno "chango" hatulitumii kwenye faili. Mama akisema ana chango la damu, tunaelewa kwamba tumbo linauma na damu inatoka, na kazi ya kutafuta sababu ndipo inapoanza. Sababu zenyewe ni nyingi: fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), vinyama vinavyoota ndani ya kizazi, yai lisilopevuka kwa wakati, tezi la shingo, damu yenye shida ya kuganda, maambukizi, mimba iliyoharibika, saratani. Ipo pia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo huleta matone yasiyo na utaratibu, hasa mwanzoni. Hilo huwa mnaelezwa siku ya kuchomwa, na bado mnarudi mkisema damu chafu imejaa tumboni. Hakuna damu inayojaa tumboni kwa ajili ya sindano.

Tuje kwenye ultrasaundi, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mama anatoka kijijini, anafika mjini, analipia picha, anarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba kizazi kiko sawa. Anaiweka kabatini na kuamini amepona. Picha ile inaonyesha fibroidi, inaonyesha unene wa ukuta wa ndani wa kizazi, inaonyesha uvimbe wa mfuko wa mayai. Haionyeshi kidonda kidogo kwenye mlango wa kizazi, na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huanzia hapo. Kidonda hicho kinaonekana kwa macho, kwa kutumia spekulamu, kile chombo cha kupanulia uke, na taa. Ni kazi ya dakika chache. Mgonjwa aliyepewa mizunguko mitatu ya dawa za UTI bila mtu kumwekea spekulamu hata mara moja hajachunguzwa, hata awe na risiti nyingi kiasi gani. Wenzetu wa zahanati na vituo vya afya mtusikie na ninyi.

Kwa hiyo una haki ya kuuliza: "Daktari, mlango wa kizazi umeangaliwa?" Uliza hivyo hivyo, kwa adabu. Ukitaka akuangalie mtoa huduma wa kike, sema, akiwepo atakuangalia. Na usiseme utarudi damu ikikata. Tunaelewa aibu inatoka wapi. Kungwi alikufundisha damu ni siri yako na ya nyumba yako, na hatuna ugomvi na mafunzo ya unyago. Lakini damu inayotoka ndiyo inayotuonyesha njia.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kipimo cha siki, kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia. Kile ni cha wanawake wasio na dalili yoyote, hasa wenye miaka 30 hadi 50, ili tukamate mabadiliko kabla hayajawa saratani. Ukiwa unatokwa damu baada ya tendo la ndoa, jibu la siki la mwaka juzi halikutoi kwenye foleni. Wewe unahitaji uchunguzi wa dalili, na pengine kukatwa kinyama kidogo cha kupimwa. Na wale wanaosema chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inafunga kizazi cha mabinti: haifungi. Inatolewa nchi nzima tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Kitu cha kwanza tutakachopima ni mimba. Watu hukasirika hapa. Mama wa miaka 47 anahisi anadharauliwa, binti wa shule anahisi anashutumiwa. Hatumhukumu mtu, mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua kwa kuvujia ndani huku nje yakionekana matone tu, nasi hatuwezi kubahatisha kwa kuangalia uso.

Sasa lile ambalo kwa mikoa yetu lingepaswa kuulizwa mapema, na haliulizwi: kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopatikana kwenye maji. Lindi na Mtwara ni maeneo ya kichocho cha mkojo. Wanaume wa rika langu watakwambia kwamba utotoni karibu kila mvulana alikojoa damu na hakuna aliyeshtuka. Minyoo ile ile inaishi kwa wanawake, na mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Hukwama kwenye mlango wa kizazi na ukuta wa uke, yakaacha mabaka yanayofanana na chembe za mchanga na vijishipa vinavyovuja damu kwa kuguswa tu. Mama anatokwa damu baada ya tendo la ndoa, ana uchafu, ana maumivu, anaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, ndoa inaingia dosari, kumbe aliupata kwenye maji alipokuwa akipanda mpunga bondeni au akifua mtoni. Wanafunzi hupewa dawa za kampeni shuleni. Mama yao aliyesimama kwenye jaruba hadi magotini hayumo kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo mweleze daktari umekulia wapi na umefanya kazi kwenye maji gani, Ruvuma, Lukuledi, bwawa la kijiji, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Mkojo wa kupima kichocho ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ule ulioubeba kwenye kichupa tangu alfajiri hautusaidii sana. Na mkojo ukiwa safi bado haujamaliza shauri, kwa kuwa mayai yanaweza kuwa kwenye mlango wa kizazi peke yake. Dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito, na inaua minyoo. Mabaka yaliyokwisha kujengeka yanaweza kubaki, hivyo dalili zisipoisha wiki ileile usianze kusema dawa ni feki.

Kuhusu sampuli. Kinyama kikikatwa kinawekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, kinaandikwa jina, umri na namba ya faili, fomu inajazwa, kisha kinapelekwa maabara ya patholojia. Majibu huchukua wiki, si siku. Hatuyasomi kwa simu, wala hatumpi shemeji. Jina lazima lifanane kwenye fomu, kichupa na kadi ya bima. Wanawake wengi huku wana jina la utotoni, jina walilopewa baada ya unyago na jina la kitambulisho cha NIDA, na wakifika mapokezi wanataja lolote linalowajia. Taja la NIDA. Namba ya simu iwe yako, na ukibadilisha laini msimu wa korosho ukiisha, tuambie. Jibu likiwa saratani utapewa barua ya rufaa, mara nyingi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Usiondoke bila barua.

Wapo wanaokaa nyumbani na damu kwa kuogopa polisi. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 150 hadi 152, zinakataza utoaji mimba usio halali: miaka 14 kwa anayemtoa mwingine, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, miaka 3 kwa anayetoa vifaa au dawa akijua kazi yake. Hayo ni ya mahakama. Huduma kwa mwanamke ambaye mimba imeharibika, kwa namna yoyote ile, ni tiba halali na inatolewa kwanza. PF3 ni fomu ya polisi ya majeruhi, kama wa kipigo, ajali au ubakaji, na hata huko hatuachi mtu avuje damu akisubiri karatasi. Ukijaza pedi mbili ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo, au ukiona kizunguzungu, njoo usiku huohuo.

Ukija, lete tarehe za miezi mitatu ya nyuma, hata ziwe zimewekwa alama ya mkaa ukutani na mtu akakunakilia. Lete pakti za vidonge ulivyonunua dukani, na chupa ya mizizi kama umekunywa. Hatutakugombeza, tunataka kujua kilichoingia mwilini. Vaa nguo ya kufunguka kirahisi, na beba kanga moja ya kujifunika kitandani, maana mashuka hayatoshi kila siku.