Tableti apewe nani? Kisumu ilishajibu hili swali

Kila nikienda kufunza walimu mambo ya teknolojia, iwe Ahero, Muhoroni ama nikivuka kwenda Vihiga, swali la kwanza huwa ni lile lile: mwalimu, sisi tutaletewa tableti lini? Wazazi wa BOM, ile bodi ya kusimamia shule, nao wako na lao, eti shule ya jirani iko na kompyuta lab, yetu je? Mimi huwarudishia swali. Hizo tableti zikikuja leo, mnataka zikae mkononi mwa nani? Wengi wanacheka, si za watoto jameni. Sasa hapo ndio nataka tuongee pole pole, kwa sababu hii kitu ilishafanyiwa utafiti, na si huko ng'ambo, ni hapa hapa kaunti ya Kisumu.

Iko hivi. Miaka ya 2013 na 2014 kulikuwa na mradi wa kusoma na hesabu ukiitwa PRIMR (Primary Math and Reading), wa watoto wa darasa la kwanza na la pili, Kiingereza na Kiswahili. Kisumu wakaongeza vifaa na shule zikagawanywa mafungu. Fungu moja tableti alipewa TAC tutor, yule afisa anayezunguka shule za zoni yake kusaidia walimu, siku hizi tunamwita CSO. Fungu lingine tableti alipewa mwalimu wa darasa. La tatu mtoto mwenyewe akapewa e-rida, kale kakifaa ka kusomea vitabu. Halafu kukawa na fungu la kulinganishia tu, hilo halikupata kitu.

Matokeo? Mafungu yote matatu yalishinda lile ambalo halikupata kitu, watoto walisoma vizuri zaidi kwa lugha zote mbili. Lakini ukiyalinganisha yenyewe kwa yenyewe, hakukuwa na tofauti ya maana. Yaani mtoto aliyeshika kifaa chake mwenyewe hakumwacha mbali yule ambaye hakuwahi kukigusa, ila afisa wa zoni ndiye alikuwa nacho. Tofauti kubwa ilikuwa kwa pesa, maana e-rida lazima ununue kwa kila mtoto, na tableti moja ya afisa inahudumia shule zote anazozunguka. Hesabu hiyo hata mama mboga wa Kibuye atakufanyia bila kalamu.

Na serikali ilisikia, angalau upande mmoja. Mradi wa Tusome ulipoanza 2015 nchi nzima, watoto walipewa vitabu vya karatasi, kila mtoto chake, walimu wakapewa miongozo, na tableti zikaenda kwa CSO. Vile ilikuwa inafanya kazi niliipenda sana kwa hivyo wacha niieleze. Afisa alikuwa anaingia darasani, anakaa nyuma, anajaza kwenye tableti kile mwalimu anafanya, somo likiisha anachagua watoto watatu bila kupendelea, wanasoma, programu inahesabu maneno kwa dakika. Halafu tableti yenyewe ilikuwa inampa mambo ya kuongea na mwalimu hapo hapo, mathalani kwamba hukuwapa watoto nafasi ya kusoma wenyewe. GPS ilionyesha kweli alifika shuleni, na hiyo ndio ilitumika kumrudishia nauli. Wale wanajua barabara za huko Nyakach mvua ikinyesha wataelewa kwa nini nauli ni jambo kubwa hivyo! Afisa asipolipiwa boda haji, na asipokuja mwalimu anakaa miaka bila mtu wa kumwambia hapa uko sawa, hapa rekebisha.

Upande ule mwingine ulikuwa zile tableti za Digital Literacy, mpango wa serikali uliotokana na ahadi ya kampeni za 2013 ya kuwapa watoto wa darasa la kwanza laptop, zikaanza kufika shuleni 2016. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawanywa kwa shule za msingi za umma, pamoja na projekta, seva ndogo na routa. Kitu kimoja kizuri sana kilitoka hapo na watu hawakisemi: shule nyingi za mashambani ziliwekewa stima ama sola kwa sababu ya huo mpango. Lakini vifaa vililenga darasa la kwanza, na mtoto wa darasa la kwanza mwaka unaofuata anaenda la pili. Ukipita shule kadhaa leo utavikuta vimefungiwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu, betri zimekufa, kufuli kubwa mlangoni. Sitaki kumlaumu hedi ticha, kifaa kikiibiwa ni yeye anaandika ripoti kwa OB, kile kitabu cha polisi.

Watu wakisikia hivi wanadhani napinga teknolojia, wakati ndio inanilisha. Mfano wangu mzuri uko Nakuru, Njoro pale, shule ya Keriko Mixed Day. Peter Tabichi, yule mwalimu wa sayansi aliyeshinda Global Teacher Prize 2019 na dola milioni moja, shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alikuwa anaenda saiba, anadaunilodi vitu, anarudi kuvitumia darasani bila mtandao. Jaribu kumtoa huyo mwalimu uache ile kompyuta hapo, uone nini itaendelea.

Sasa kuna CBC, ule mtaala wa umilisi, siku hizi inaitwa CBE, ilianza rasmi Januari 2019, na hapo teknolojia imeingia kwa mlango ambao hatukuutarajia, yaani simu ya mzazi. Video ya mtoto akipanda sukuma, picha ya kuprinti, PDF kwa grupu ya WhatsApp saa tatu usiku, na mzazi ako na kabambe tu, ile simu ndogo ya vitufe. Kwa maoni yangu mwalimu anayetoa kazi ya kuprinti bila kuuliza nani ako na smatifoni anapima mfuko wa mzazi, hapimi umilisi wa mtoto. Kwa kabambe kuna vitu pia, masomo ya SMS ya Shupavu 291 yalisaidia wengi shule zilipofungwa Machi 2020, na redio tusiidharau.

Halafu akili unde, yaani AI. Hii ndio walimu wananiuliza sana mwaka huu, kwa sababu TSC, tume inayoajiri walimu, inataka maazimio ya kazi na maandalio ya somo, na ChatGPT inakutolea yote kabla chai ipoe. Sioni shida ukiitumia, shida ni kuiprinti vile ilivyotoka. Ukiiambia tu nipe maswali ya asilimia ya Gredi 7 itakupa mfano wa duka la nguo fulani lisilo na mahali. Iambie: nipe maswali ya asilimia, mvuvi wa Dunga anauza omena kwa gorogoro, bei ikapanda wakati ziwa limefungwa watu wasivue, mtoto ahesabu ongezeko. Hapo sasa umeifanyisha kazi. Alafu kaa chini uhesabu majibu mwenyewe, inakosea kwa ujasiri wa ajabu, na Kiswahili chake kagua ngeli moja moja, hasa I-ZI na U-ZI. Na majina ya watoto na alama zao usiyaweke humo. Tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na data ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi.

Kwa hivyo shule ikiniambia iko na pesa kidogo ya teknolojia, mimi nawaambia waanze staffroom. Laptop moja, hata ya mitumba, uweke Kolibri, programu ya masomo, ni ya bure na imetengenezwa kwa mahali hakuna mtandao. Unadaunilodi masomo mara moja pale penye waifai, ukirudi shuleni unaunganisha routa na simu za walimu zinafungua video na mazoezi bila bando. Kama zile tableti za zamani bado zinawaka, zitoe kwa kabati, nazo pia zinaweza kuunganishwa hapo kupitia brauza. Kabla ya kununua chochote, tafuta routa ya Digital Literacy, shule zingine bado iko ndani ya boksi. Chaja yake ndio kawaida hukosekana, ya ukubwa huo utapata kwa mafundi wa simu mjini, enda tu na routa yenyewe wasome volti iliyoandikwa kwayo.