Je, mwogeleaji mwenye ulemavu hushindana na mguu wa bandia?

Wengi huamini kuwa waogeleaji wenye ulemavu wa viungo hushindana wakiwa na miguu ya bandia au maboya. Sivyo. Kwenye Paralimpiki, ambako kuogelea kumekuwapo tangu Roma mwaka 1960, vifaa hivyo huachwa nje ya bwawa. Kinachosawazisha ushindani ni madaraja: S1 hadi S10 kwa ulemavu wa viungo, namba ndogo ikionyesha ulemavu mzito zaidi. Ndiyo maana aliyekatwa mguu anaweza kupangwa na aliyepooza. Kinachopimwa ni uwezo wa mwili majini, na huo ndio uadilifu wa mchezo huu. Ukitaka kuhakikisha, tazama video ya fainali yoyote, kisha soma karatasi ya matokeo: daraja huandikwa kando ya jina la shindano.