Aliyeshika rimoti: siasa ndani ya makao ya wazee Nairobi

Jioni ya Jumanne, tarehe 25 Juni 2024, nilikuwa katika makao ya wazee upande wa mashariki wa Nairobi. Nilikuwa nimeenda kumwona bibi mmoja aliyevunjika nyonga, giza likanikuta huko kwa kuwa matatu zilikuwa zimetoweka barabarani. Mchana wa siku hiyo vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, walikuwa wameingia Bungeni. Saa moja ilipokaribia, wazee walianza kuvuta viti kuelekea runinga. Ndiyo desturi yao: chakula saa kumi na mbili, dawa, taarifa ya habari ya Kiswahili saa moja, kisha kitanda. Taarifa ya Kiingereza ya saa tatu huwakuta wamelala kitambo. Msimamizi wa zamu akaingia, akachukua rimoti mezani, akazima runinga. "Leo tutalala mapema," akasema. "Hapa hakuna siasa."

Najua alikuwa na nia njema. Ana wazee wenye presha na wenye moyo dhaifu, na alikuwa ameona kwenye simu yake yaliyokuwa yakitokea mjini. Lakini pale sebuleni palikuwa na mama wa miaka 78 ambaye mjukuu wake alimpigia asubuhi akamwambia, "Shosho, leo tunaenda tao," yaani mjini kuandamana. Mama yule hakulala. Kila nilipopita nilimkuta ameketi kitandani, shuka limekunjwa magotini, naye ananiuliza, "Mwanangu, wamefika wapi?" Simu ya kijana haikuwa ikiingia. Ilipoingia alfajiri, kijana ni mzima, amelala kwa rafiki yake South B, mama alilia kwa sauti iliyoamsha vyumba vitatu. Walipompima asubuhi, presha yake ilikuwa juu kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi ule.

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii. Kwa miaka 19 nimefanya kazi na wazee wa jiji hili, na maneno hayo, "hapa hakuna siasa", nimeyasikia karibu kila mahali nilipoingia. Mahali pengine yamebandikwa ukutani karibu na ratiba ya dawa. Nayapinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimeona yanavyowaumiza wazee.

Kwanza tuelewane ni nani wanaoishi humo. Katiba yetu ya 2010 inamhesabu mtu kuwa mzee akipita miaka 60, na sensa ya 2019 iliwakuta wazee kama hao wapatao milioni 2.7 nchini. Wengi wao wako mashambani, kwa kuwa Mkenya akistaafu hurudi nyumbani kwao, palipo na shamba na makaburi ya wazazi. Wanaobaki Nairobi kila mmoja ana sababu. Kuna aliyeuza shamba kusomesha watoto. Kuna mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, kuna yaya aliyelea watoto wa watu miaka 40 bila kupata wake, na kuna aliyehamishwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 asirudi tena. Baadhi wako Mji wa Huruma kule Runda, makao ya kaunti. Baadhi wako Nyumba ya Wazee, Kasarani, kwa masista. Wenye watoto wanaoweza kulipa wako katika nyumba za binafsi, Karen na kwingineko. Hawakuchaguana. Wamekutanishwa na umri na mkosi, wanalala chumba kimoja na kula sufuria moja. Watu wa namna hiyo wakiishi pamoja watakuwa na siasa, upende usipende.

Siasa ya kwanza ni ya jina. Wahudumu wetu wengi ni vijana, na Nairobi wamezoea kumwita kila bibi "shosho" na kila babu "guka". Wanasema kwa upendo. Lakini hayo ni maneno ya Kikuyu, na mama Mjaluo aliyetoka Siaya anayasikia kwa sikio jingine. Mmoja aliwahi kunishika mkono akaniambia, "Mimi si shosho. Mimi ni dani. Nikiitwa shosho naona kama nimefutwa." Mkamba ni susu, Mluhya ni kukhu. Nilipoanza kazi niliona ni jambo dogo. Sasa ndilo swali la kwanza ninalomwuliza mzee anapopokewa, kabla ya dawa na kabla ya ndugu wa karibu: wewe wataka kuitwaje? Wengine hutaka "Mwalimu". Mzee mmoja aliyeendesha lori za kwenda Kampala alitaka aitwe "Dereva" tu, na akiitwa hivyo hunyoosha mgongo.

Ya pili ni ya viti na meza, na hii mgeni hawezi kuiona. Kiti kilicho karibu na dirisha lenye jua la asubuhi kina mwenyewe. Meza ya karibu na jikoni hupata chai ikiwa moto. Anayelipiwa na mtoto aliye ng'ambo anajulikana, na asiyetembelewa na mtu tangu Krismasi anajulikana pia, na wahudumu wasipojichunga huanza kumhudumia yule kabla ya huyu. Wanaume huwa wachache kuliko wanawake, lakini ndio hushika rimoti. Nimeona wanawake 14 wakitazama kandanda kwa sababu wanaume 3 wametaka.

Ya tatu ni kumbukumbu, na hapa sina budi kukaa kidogo. Aliyekuwa na miaka 10 mwezi Aprili 1954, jeshi la Waingereza lilipoizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil, msako wa kuwakamata Mau Mau, leo amepita miaka 80. Katika makao mamoja niliwahi kuwakuta wanawake wawili wa meza moja. Baba wa mmoja alipakiwa kwenye lori katika msako ule akaishia kizuizini Manyani. Baba wa mwingine alikuwa homugadi, askari wa kienyeji upande wa Waingereza. Walikuwa wamekula pamoja miaka miwili, kila mmoja anajua, hakuna anayesema. Kuna mzee Mjaluo ambaye kila tarehe 5 Julai hujifungia chumbani, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1969 alikuwa barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi. Kuna wanaoshtuka mpaka leo redio ikikatika ghafla, kwa sababu asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 redio ndiyo iliyotangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sasa mtu kama huyo umwambie siasa isiingie hapa! Aliingia nayo. Imo mwilini mwake.

Januari 2008, wakati wa zile ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa bado mgeni katika kazi hii. Meza za makao niliyopangiwa zilijitenga kwa lugha ndani ya wiki moja. Aliyekuwa akimsukumia mwenzake kiti cha magurudumu aliacha. Uongozi ukafanya nilichokuja kukiona mara nyingi baadaye: ukazima runinga, ukapiga marufuku magazeti, ukakataza neno lolote la uchaguzi. Nyumba ikanyamaza, na mgeni angedhani pana amani. Usiku wahudumu walikuwa wakiniambia wazee wanafunga milango kwa viti.

Aliyetutoa humo alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye umri wa miaka 74 wakati ule. Aliomba apewe muda wa saa moja wa mazungumzo baada ya chai ya saa kumi, akaweka sharti moja: kila mtu aseme aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe, si aliyoyasikia. Siku ya kwanza walikuja wanne. Ukishamwambia mtu aseme aliyoyaona kwa macho yake, "wao" na "sisi" hukosa pa kushika. Unabaki na mlango uliovunjwa, jirani aliyekuficha, mbuzi aliyechinjwa. Wiki ya tatu ukumbi ulijaa. Meza hazikurudi zote kama zamani, na wawili walihama, lakini kile kiti cha magurudumu kilipata mtu wa kukisukuma tena. Sharti lile nimelibeba kila nilipokwenda tangu hapo.

Wenzangu huniuliza kama si hatari kuwapa wazee nguvu ya kisiasa, na mara nyingi hunitajia Marekani. Mfano upo. Mji wa Sun City, Arizona, ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960 kwa ajili ya wastaafu peke yao. Leo sheria ya huko ya 1995 inaruhusu mitaa ya namna hiyo ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zina mkazi mwenye miaka 55 au zaidi. Wakazi wa Sun City hawakuwa na watoto shuleni, wakawa wanapiga kura tena na tena kukataa mikopo ya kujenga shule za wilaya ya Peoria, mpaka katika miaka ya 1970 mji ukaondolewa katika wilaya hiyo ya elimu. Na mwaka 2020, katika mji wa The Villages huko Florida, wastaafu waliandamana kwa vigari vya gofu, hawa kwa bendera za Trump na wale kwa za Biden, majirani wakizomeana.

Hadithi hiyo naichukulia kwa uzito. Inaonyesha kinachoweza kutokea wazee wakitengwa na watoto wa watu. Lakini wazee wale wana nyumba zao, wana magari, wana kura inayohesabika. Wazee wangu hawana hata rimoti. Wala hawajatengana na vijana: yule mama wa miaka 78 hakuwa akiuwaza Mswada wa Fedha kwa faida yake, alikuwa akimwaza mjukuu.

Mahali ambapo nimeruhusiwa, tumeunda kamati ya wazee. Kura hupigwa kwa maharagwe: kila mgombea ana kopo lililofunikwa, na tundu la kupitisha harage moja. Asiyeona vizuri hupapasa, kwa kuwa kila kopo limefungwa kitambaa tofauti, kitenge, gunia, sufu. Mara ya kwanza wanaume walidhani uenyekiti ni wao. Akashinda mama aliyeuza mboga Marikiti na kuendesha chama cha wanawake wa soko miaka 30 bila senti kupotea. Kikao chake cha kwanza kiliamua rimoti ishikwe kwa zamu, jina kwa jina. Taarifa ya saa moja haiguswi na mtu, kwa sababu Kiswahili ni cha wote. Redio za lugha ya mama zisikilizwe vyumbani. Na habari ikiwa nzito, mhudumu mmoja akae sebuleni nusu saa zaidi. Hilo la mwisho sikulifikiria mimi, wala msimamizi. Wazee wenyewe walijua wanahitaji nini.

Kwa upande wa serikali, kuna jambo moja linalonikera. Mpango wake wa Inua Jamii huwalipa wazee kuanzia miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni haki yao. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataja malezi na msaada kutoka kwa familia na kwa Serikali, na kinataja pia kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Lakini kila msimu wa kampeni nasikia wazee wakisema, "Nikipigia mwingine pesa yangu itakatwa." Mtu amewaambia hivyo. Na aliyeshika simu au kadi ya mzee mara nyingi ndiye anayemwambia ampigie nani. Makao yanayokataza mazungumzo ya siasa huuacha uongo huo ukae bila kupingwa, kwa sababu hakuna saa wala mahali pa kuujibu.

Siku ya kura yenyewe ina vikwazo vyake. Lazima mtu afike kituo alikoandikishwa, na wengi waliandikishwa mitaa waliyohama miaka iliyopita. Vidole vilivyoshika jembe na sabuni ya kufulia nusu karne havisomeki kwenye KIEMS, kifaa cha kumtambua mpiga kura. Hapo mzee asikubali kurudishwa, adai kutafutwa kwa namba ya kitambulisho. Asiyeona au asiyeweza kushika kalamu anaruhusiwa msaidizi wa kuaminika, na msaidizi huyo husaidia mpiga kura mmoja tu. Mhudumu mmoja hawezi kuingia na wazee sita, mmoja baada ya mwingine, ingawa nimeona ikijaribiwa. Asiyekuwa na mtu wake husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Haya ningependa kila mwenye makao ayajue kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, na awaeleze wazee mapema, si asubuhi ya safari.

Sisi tumekwisha kuanza. Wiki iliyopita kamati ilipitia orodha ya wakazi wote 23. Tisa wanahitaji kuhamisha vituo. Wawili hawana vitambulisho: cha mmoja kiliungua Mukuru, na cha mwingine kimeshikwa na mwanawe, ambaye nimeshampigia mara mbili. Mwenye cha kuungua tunampeleka kituo cha Huduma Makadara Alhamisi. Ni yule mwenyekiti wetu, mama wa kopo la kitenge, na ameomba tupite Marikiti tukirudi.