Prosesa ya Simu Haibadilishwi kama Taa

Wiki iliyopita mteja aliniwekea mezani simu ya miaka minne na kusema, "Fundi, nitolee prosesa hii ya zamani uniwekee mpya." Nilipomweleza kwamba prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kazi za simu, haiwezi kubadilishwa hivyo, alinijibu kwa maneno ambayo nimeshayasikia mara nyingi mno: kwamba simu za moduli zinazoweza kuboreshwa kipande kwa kipande zipo tayari, ila watengenezaji wamezificha kwa tamaa, na lau zingeachiwa, mtu angenunua simu moja na kudumu nayo maisha yake yote. Kauli hii imenichosha. Siwatetei watengenezaji, ambao nina manung'uniko mengi dhidi yao. Kinachonikera ni kwamba inachanganya mambo mawili tofauti, na kwa sababu ya mchanganyiko huo watu wanadai kisichowezekana na kusahau kudai kile ambacho wangeweza kukipata.

Mambo hayo ni urahisi wa kutengeneza na uwezo wa kuboresha. Simu ya moduli iliyoundwa kwa ajili ya matengenezo hukuruhusu kuondoa kioo kilichopasuka, betri iliyochoka au tundu la chaji lililolegea, na kurudishia kipande cha aina ileile. Iliyoundwa kwa ajili ya kuboreshwa inakuahidi kwamba utatoa kipande cha zamani na kuweka chenye nguvu zaidi, prosesa ikiwemo. Ya kwanza inauzwa leo. Ya pili ilijaribiwa hadharani na haikufika sokoni.

Mwaka 2013 mbunifu Mholanzi Dave Hakkens alieneza wazo la Phonebloks, simu ya vipande vinavyopachikwa kwenye ubao mmoja, na mwaka huohuo Motorola, iliyokuwa chini ya Google, ikatangaza mradi wa namna hiyo ulioitwa Project Ara. Fedha zilikuwapo na wahandisi hodari walikuwapo. Hata hivyo, kufikia Mei 2016 prosesa, betri, antena na skrini vilikuwa vimerudishwa ndani ya fremu, na moduli zikabaki kwa ajili ya vitu kama kamera na spika. Septemba mwaka huo mradi ukasitishwa. Anayesema teknolojia hii ilifichwa na aanze kwa kueleza kwa nini waliokuwa wakiijenga mbele ya macho ya dunia nzima waliirudisha prosesa ndani kabla hata ya kukata tamaa.

Sababu ziko kwenye bodi yenyewe, yaani ubao unaobeba chipu za simu. Katika simu nyingi memori imelehemiwa juu ya mgongo wa prosesa, kwa hiyo huwezi kugusa moja bila nyingine. Umbali kati ya chipu hizi ni mdogo sana, na udogo huo ndio unaoziwezesha kupitishiana data kwa kasi kubwa huku zikitumia umeme kidogo. Ukiweka soketi, yaani kishikio cha kuchomekea chipu, katikati, umeongeza urefu wa njia, umeongeza ukinzani, na umefungua mlango wa vumbi na unyevu. Kuna pia suala la redio, ambalo watu hawalifikirii kabisa. Kila simu hupimwa kiwandani na masahihisho ya visambaza mawimbi vyake huhifadhiwa ndani yake, kisha muundo mzima hupimwa na kupewa kibali kama kitu kimoja. Ukibadilisha kipande kilicho karibu na antena, vipimo vile havifai tena.

Hapo ndipo huletwa mfano wa kompyuta ya mezani, na naomba tuutazame kwa makini kwa sababu ndio chanzo cha upotofu wote. Ni kweli kwamba kompyuta ya mezani hufunguliwa na kuongezewa memori, diski na kadi ya picha. Lakini inawezekana kwa sababu kasha lake lina hewa tupu nyingi ndani, na kwa sababu vipimo vya bodi vilikubaliwa zamani, kama kile cha ATX kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Hata huko, aliyewahi kuruka vizazi kadhaa vya prosesa anajua kwamba soketi hubadilika, hivyo bodi hubadilika, na aghalabu memori nayo hubadilika. Kilichobaki ni kasha, usambazaji wa umeme na diski. Watu wanakumbuka kompyuta isiyozeeka, ilhali wanachokikumbuka ni kasha.

Mfano wenye haki zaidi ni kompyuta za mkononi za Framework, ambazo tangu mwaka 2021 zimeonyesha kwamba bodi nzima inaweza kutolewa na kuwekwa ya kizazi kipya ndani ya mwili uleule. Nauheshimu sana ushahidi huo. Ila bodi ya simu hukatwa kwa umbo la kuizunguka betri na kamera, na umbo hilo likigandishwa ili vipande vya kesho viingie, simu ya kesho nayo imegandishwa. Ilitokea kwa Moto Z mwaka 2016: kwa kuwa moduli zilipachikwa mgongoni kwa sumaku, simu zilizofuata zililazimika kulinda umbo la mgongo ule ili moduli za zamani ziendelee kukaa. LG G5 ya mwaka huohuo ilikuwa na moduli za kuchomeka chini, nayo ilipofika G6 mwaka uliofuata zikaachwa kabisa. Mteja alibaki na vipande visivyo na simu ya kuvipokea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila mtu alijue. Mara nyingi kinachoiondoa simu nzima katika matumizi ni masasisho. Mtengenezaji wa chipu akiacha kutoa viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo wa simu kuitumia chipu, mfumo mpya hauingii bila kazi kubwa, mianya ya usalama haizibwi, na siku moja programu ya benki inakataa kufunguka kwenye simu ambayo haina kasoro yoyote ya kimwili. Fairphone 2, simu ya moduli iliyoundwa kwa ajili ya matengenezo, ilitoka mwaka 2015 ikiwa na chipu ya Snapdragon 801, na Qualcomm, mtengenezaji wake, haikuipa chipu hiyo msaada baada ya Android 6. Wahandisi wa Fairphone waliifikisha wenyewe hadi Android 10, na masasisho yakaendelea mpaka mwaka 2023. Moduli zake zilikuwa nzuri, lakini zisingeweza kuiokoa bila kazi hiyo ya programu. Kwa Fairphone 5 ya mwaka 2023 walichagua chipu ya viwandani, QCM6490, kwa sababu ya msaada wake mrefu, na wakaahidi masasisho ya usalama kwa angalau miaka 8. Uamuzi huo wa chipu una uzito kuliko parafujo zote ninazozipenda.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi: anayedai kwamba gundi ni lazima ili simu isiingie maji ana kosa. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na kava la kufunguliwa kwa kucha, betri ya kutoka, na kiwango cha IP67 cha kuzuia vumbi na maji. Gharama ipo, kwa kuwa betri ya kutolewa na mtumiaji huhitaji ganda gumu linalokula nafasi ya nishati, lakini hiyo ni gharama ya kujadiliwa, haikatazi jambo lenyewe kufanyika.

Nina shaka zangu pia. Kila moduli ina ganda lake, viunganishi vyake na dhahabu kidogo kwenye migusano, kwa hiyo simu ya moduli ambayo haikutengenezwa hata mara moja imetumia malighafi zaidi bila faida. Naogopa pia kwamba moduli za kuboresha zingezaa mazoea ya kununua kamera mpya kila mwaka, na droo za watu zingejaa vipande vizima. Siku nyingine nikiwa na simu ya kawaida iliyofungwa kwa parafujo, yenye betri ya kuvutwa kwa utepe na vipuri halisi vinavyopatikana, najiuliza kama moduli zinahitajika hata kidogo. Kizuizi kinachonipotezea muda mwingi zaidi mezani siku hizi ni programu inayokataa kioo halisi kwa sababu namba yake haikusajiliwa pamoja na bodi.

Umoja wa Ulaya umeanza kuyagusa haya. Tangu 20 Juni 2025 simu mpya huko zinatakiwa kuwa na vipuri kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho kwa miaka 5. Kuanzia 18 Februari 2027 sheria ya betri nayo inadai betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji. Hakuna mahali inapodaiwa prosesa ya kubadilishwa.

Simu ya yule mteja niliifungua. Betri ilikuwa imechoka kiasi kwamba mfumo ulikuwa ukiipunguza kasi prosesa ili simu isizimike ghafla. Nilitumia joto na kadi ya plastiki kwa karibu nusu saa kuibandua gundi, nikaweka betri mpya, na kasi ikarudi. Masasisho yake ya usalama yanakwisha mwakani.