«Kuondoka kwa hiari» Gécamines: hiari gani?

Hapa Lubumbashi vijana husema wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, walijitakia kuacha kazi: walipewa dola, wakaenda wenyewe. Jina la mpango ndilo linalopotosha. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa «kuondoka kwa hiari». Lakini baba aliyekaa miezi na miezi bila mshahara, sufuria tupu jikoni, anachagua nini? Anatia sahihi. Wengi waliona walicholipwa hakifikii walichokuwa wakidai, wakaendelea kulalamika miaka mingi. Halafu (hili vijana hawalikumbuki) Gécamines haikuwa mshahara tu: ilikuwa hospitali, shule, na mfuko wa unga wa kila mwezi.