Je, wajua kwa nini mtu akishakula chumvi nyingi hupunguza marafiki?

Mwaka juzi mama yangu, aliyekuwa anakaribia miaka 71, alinipa kazi ya kumsafishia simu. Tulikaa barazani kwetu Tanga baada ya alasiri, yeye juu ya mkeka, mimi nikimsomea jina moja moja. "Huyu fundi wa mabati?" "Futa." "Huyu mweka hazina wa kamati ya harusi?" "Futa, hiyo harusi mtoto wao sasa anasoma." Tulipomaliza, katika majina 200 na ushee yalibaki 31. Magrupu ya WhatsApp akajitoa yote, isipokuwa la wanawe na la darsa.

Nilishtuka. Mwanamke huyu enzi zake hakukosa shughuli. Sare za harusi zilimjaa sandukuni, upatu alicheza mitaa mitatu, na ukipita naye sokoni Ngamiani safari ya dakika kumi ilichukua saa nzima kwa kusalimiana. Nikadhani ana huzuni anatuficha. Nilimpigia dada yangu usiku ule ule nikamwambia, "Mama hayuko sawa."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari hii, maana nilitaka kujua kinachotokea ndani ya mtu. Kwa nini yale tuliyoyakimbilia tukiwa na miaka 20, yaani kujulikana, cheo, safari na watu wapya kila wiki, yanapoteza utamu, halafu ukimkuta mtu huyo huyo ana miaka 65 anataka wanawe wapatane, usingizi mnono, ibada, na watu wawili watatu wa kukaa nao bila kujieleza? Husemwa utu uzima dawa. Mimi nilitaka kujua dawa hiyo inafanyaje kazi.

Zamani wataalamu walikuwa na jibu la kusikitisha. Mwaka 1961 wawili kati yao, Elaine Cumming na William Henry, waliandika kwamba mzee hujitenga na jamii, na jamii nayo humwachia ajitenge, kama maandalizi ya kifo. Kwa maneno mengine, mzee anafunga virago mapema. Ndivyo nilivyokuwa nikimwaza mama yangu bila kujua kuna watu walikwishaliandika.

Aliyelipindua wazo hilo ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Laura Carstensen, na hadithi yake inastahili kusimuliwa. Akiwa na miaka 21 alipata ajali mbaya ya gari, akalazwa hospitali kwa miezi, miguu na mifupa imevunjika, katika wodi aliyozungukwa na vikongwe waliovunjika nyonga. Baba yake, ambaye alikuwa profesa, akawa anahudhuria masomo ya saikolojia kwa niaba yake na kumrekodia kwenye kanda ili asikilize kitandani. Huku anasikiliza kanda, huku anawatazama wale wazee, na huku anajitazama yeye mwenyewe. Alipokuwa anakaribia kufa, mambo aliyoyaona makubwa wiki moja kabla, kama atakuwa nani duniani na atafanikiwa vipi, yalikuwa yamefutika. Waliobaki ni watu wake. Msichana wa miaka 21 alikuwa anafikiri kama bibi kizee.

Miaka baadaye, yeye na wenzake wakatunga swali jepesi ambalo naomba ulijibu moyoni kabla hujaendelea kusoma. Una nusu saa ya ziada, huna kazi inayokungoja. Ungependa kuitumia na nani: ndugu yako wa karibu, mwandishi wa kitabu ulichotoka kukisoma, au mtu uliyefahamiana naye juzi ambaye mnaelekea kupatana? Vijana walitawanyika, huyu hivi na yule vile. Wazee wengi walichagua ndugu.

Hapo ungeweza kusema basi, ndio uzee huo. Lakini watafiti waliligeuza swali. Vijana wakaambiwa: fikiri kwamba hivi karibuni unahamia mbali, peke yako. Una nusu saa. Wakachagua ndugu, kama wazee. Mtu yeyote aliyemsindikiza mdogo wake anayekwenda kufanya kazi Muscat anajua usiku ule wa mwisho unavyokuwa, hakuna anayetafuta rafiki mpya. Kisha wazee wakaambiwa: fikiri daktari wako amekupigia simu kwamba imepatikana dawa itakayokuongezea miaka 20 ya uzima. Una nusu saa. Safari hii wazee wakatawanyika kama vijana. Mwandishi wa kitabu akapata wageni.

Kwa hiyo kinachogeuza matakwa ya mtu si idadi ya miaka aliyoishi. Ni muda anaouona umebaki mbele yake.

Kuna ushahidi mwingine ulionigusa zaidi. Katika miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawa za kawaida, Carstensen na mwenzake Barbara Fredrickson walikutana na wanaume wa umri unaokaribiana nchini Marekani. Wengine hawakuwa na virusi vya UKIMWI, wengine walikuwa navyo lakini bila dalili, wengine walikwishaanza kuugua. Wote walipewa kadi zenye maelezo ya watu wa aina mbalimbali wazipange kwa namna wanavyowaona. Waliokuwa wazima walipanga kama watu wa rika lao. Waliokwishaanza kuugua walipanga kama wazee sana: jambo la kwanza kwao lilikuwa mtu huyu atanifanya nijisikieje nikiwa naye. Umri mmoja, muda tofauti. Sisi tuliozika ndugu katika miaka hiyo tunakumbuka jinsi mgonjwa wa miaka thelathini alivyotulia akataka watu wale wale wanne tu waingie chumbani.

Na si lazima kiwe kifo. Helene Fung, mtafiti wa Hong Kong, aliuliza maswali ya namna hii kabla na baada ya tarehe 1 Julai 1997, siku Uingereza ilipoikabidhi Hong Kong kwa China. Kadiri siku ilivyokaribia, hata vijana wakawa wanachagua watu wa karibu, kwa kuwa maisha waliyoyazoea yalionekana kufika ukingoni. Makabidhiano yakapita, mji ukaendelea, na vijana wakarudi kwenye ujana wao.

Ukitaka mfano wa nyumbani, kumbuka bweni la kidato cha nne wiki za mwisho. Kidato cha kwanza ulitaka kumjua kila mtu, ulivumilia hata wanaokuudhi kwa sababu labda watakufaa. Lakini mtihani ulipobaki siku chache, waliogombana tangu kidato cha pili walipatana bila kuitwa na mwalimu, madaftari yakapitishwa yaandikwe maneno ya kuagana, na jioni kila mtu alikaa na wale wake, kwenye ngazi zile zile, akila karanga polepole. Watoto wa miaka 17, na walikuwa na hekima ya wazee kwa mwezi mmoja. Kisha likizo ikaanza na hekima ikawatoka.

Mantiki yake ni hii. Mtu anayeona njia ndefu mbele hukusanya: elimu, watu, uzoefu, hata ule mchungu. Anavumilia bosi mkali kwa kuwa baada ya miaka mitano atapata faida, anakwenda kwenye sherehe ya wasiomjua kwa kuwa huenda mmoja wao akamfungulia mlango. Anayeona njia imefupika hana sababu ya kuweka akiba ya namna hiyo. Anataka kinachomshibisha leo. Ndiyo maana wazee wengi husamehe upesi kuliko sisi na hukataa ugomvi ambao sisi tungeupigania wiki nzima. Utafiti wa Berlin uliowahusu watu wa kuanzia miaka 70 hadi zaidi ya 100 ulikuta wale wazee zaidi wana mzunguko wa watu ambao ni kama nusu tu ya ule wa wenzao wadogo kidogo, lakini idadi ya watu wa karibu kabisa haikutofautiana sana. Wanaopungua ni wa pembeni.

Mtafiti Shalom Schwartz, aliyelinganisha maadili ya watu katika nchi nyingi, naye ameona mwelekeo unaofanana: wakubwa huthamini zaidi usalama, mila na kuwafaa wenzao, na hupunguza kusaka msisimko, starehe na sifa. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ya kizazi tu, kwa kuwa aliyelelewa enzi za foleni za sukari hawezi kuitazama dunia sawa na aliyelelewa na simu mkononi.

Ajabu ni kwamba sisi wenyewe hatuamini kama tutabadilika. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 19,000 wa miaka 18 hadi 68. Wa kila rika walikiri kwamba wamebadilika sana katika miaka kumi iliyopita, na kila rika likasema kumi ijayo halitabadilika sana. Wakaulizwa pia: ungelipa kiasi gani kumsikiliza, miaka kumi ijayo, mwanamuziki unayempenda leo? Wastani ukawa dola 129. Na kumsikiliza leo yule uliyempenda miaka kumi iliyopita? Dola 80. Nafikiri hapa ndipo vijana na wazee wanapopishana nyumbani. Mimi nilimwona mama amebadilika vibaya kwa sababu niliamini mtu akishafika utu uzima amekwisha kutengenezwa.

Lakini nisieleweke vibaya. Si kila mzee aliye peke yake amechagua. Wapo waliobaki wenyewe kwa sababu rika lao limezikwa lote na watoto wamehamia mjini, wapo wasio na nauli ya kumfikia mtu wanayempenda. Kumwambia huyo kwamba upweke wake ni hekima ya uzee ni kumdhulumu. Na yupo anayeugua sonona kweli. Tofauti, kwa nilivyoielewa, iko kwa wale wa karibu. Mama alimfuta fundi wa mabati, lakini shoga yake wa Pangani waliyesoma naye chuo cha Kurani alikuwa anampigia kila siku baada ya isha, na wajukuu aliwataka wote Ijumaa. Mzee anayewafukuza hata hao, anayeacha chakula, anayeacha mambo aliyoyapenda, usimwambie amezeeka. Mpeleke hospitali.

Mwezi uliopita nilimuuliza mama lile swali la nusu saa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Nusu saa? Na shoga yangu. Huyo mwandishi mimi nitamwambia nini?"

Nikamuuliza na la pili: je, daktari akikupigia kwamba kuna dawa ya kukuongezea miaka 20 ya uzima? Alinyamaza, akaacha kupeta mchele, ungo ukatulia juu ya mapaja. Kisha akasema angekwenda Ngazija, kule Komoro, kuwatafuta jamaa za bibi yake, kule ambako hajafika maishani, angejifunza na Kifaransa kidogo ili asipotee. Alilisema kwa haraka, uso umechangamka, kama msichana. Angeanza na watu gani, angekaa miezi mingapi, nani angebaki na kuku.

Baadaye akaurudia ungo wake. "Basi Jumamosi nipeleke Pangani," akasema. "Tutoke asubuhi, kabla jua halijawa kali."