Waridi la Sita: Asili ya Maonyesho ya Maua ya Vijijini

Mwaka jana kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Tengeru, kiliniomba niwe mwamuzi wa maonyesho yao ya maua. Mimi ni bwana shamba mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia kwenye mazao ya bustani, kwa hiyo nilikubali bila kusita. Orodha ya mashindano, ambayo nilishiriki kuiandika, ilisema kwamba katika kundi la waridi kila mshiriki angeleta mashina matano ya aina moja. Mama mmoja alileta sita. Yalikuwa waridi mazuri kuliko yote yaliyokuwa mezani, yenye matumba yaliyofunguka nusu na majani yasiyo na doa, lakini sikumpa zawadi. Niliandika kwenye kadi yake kwamba kazi haikufuata orodha, nikasogea meza ya pili. Alinifuata hadi kwenye hema la chai. “Bwana shamba, shikamoo ya asubuhi nimekupa, sasa nijibu: mtu ananyimwaje kwa kuzidisha?”

Siku ile nilimjibu kwa sentensi mbili, na naona aibu kidogo kwa ufupi ule. Jibu kamili limo katika historia ya maonyesho haya, ambayo yalizaliwa Uingereza, na yalizaliwa mikononi mwa watu ambao wengi wetu hatungewatarajia.

Tunapoona picha za maonyesho makubwa ya Chelsea, yanayofanyika London tangu 1913, ni rahisi kudhani kwamba shindano la maua ni mchezo wa matajiri ulioshuka taratibu hadi kijijini. Sehemu kubwa ya mkondo huu ilitiririka kutoka upande mwingine. Katika karne ya 17 Waingereza walikuwa na neno lao, florist, la kumtaja mkulima wa maua ambaye hakuwa muuzaji hata kidogo, bali mtu aliyechagua aina chache za maua na kuzifuga kwa miaka mingi akitafuta ua lisilo na kasoro. Watu hao walikuwa na karamu zao. Iliyo maarufu ni ile ya mjini Norwich, tarehe 3 Mei 1631, ambapo hata mchezo wa kuigiza ulichezwa kwa heshima ya maua. Kufikia karne ya 18 karamu hizo zilikuwa zimeenea katika miji mingi, na kule York kilianzishwa mwaka 1768 chama cha wakulima wa maua ambacho kipo hadi leo.

Mahali pa kukutania palikuwa, kwa lugha yetu, kilabu cha pombe. Wanachama walikaa mezani, wakala, wakanywa, na maua yakapitishwa kutoka mkono hadi mkono ili kila mmoja ayatazame kwa karibu. Katika mashindano ya ua dogo la milimani liitwalo orikula, zawadi iliyotamaniwa ilikuwa birika la shaba, ambalo lilitundikwa nje ya kilabu kabla ya siku ya shindano ili wapita njia walione na kulimezea mate. Karne ya 19 ilipoingia, washindani wengi walikuwa mafundi wa kawaida: wafumaji wa nguo wa Lancashire kwa orikula, wafumaji wa Paisley huko Uskoti kwa maua ya jamii ya karnesheni yenye petali zilizopakwa ukingo wa rangi kama kanga iliyotiwa pindo, na mafundi wa kaskazini mwa nchi kwa tulipu. Mfumaji alifanya kazi nyumbani. Mvua ikinyesha, angeweza kuinuka kwenye kitanda chake cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, akatoka na kulifunika ua lake, kisha akarudi kazini. Mtu wa shambani au wa kiwandani hakuwa na nafasi hiyo. Chama cha tulipu cha Wakefield, kilichoanza mwaka 1836, mpaka sasa kinaonyesha maua yake ndani ya chupa za bia za rangi ya kahawia, nami nikiona hilo nasema hawa hawajaisahau asili yao.

Hapa ndipo kanuni ya idadi ilipozaliwa. Watu hawa walikuwa wakishindania birika ambalo kwa mshahara wao lilikuwa mali halisi, tena wote walijuana, wengine walikuwa majirani au wakwe. Mwamuzi akisema tu “hili ni zuri kuliko lile”, ugomvi ungeanza kabla ya bia kuisha. Kwa hiyo waliandika sifa za ua: petali ziwe na ukingo wa namna gani, duara la katikati liwe na umbo gani, rangi zigawanyike vipi, na kila mshindani alete maua mangapi. Anayeleta sita pale yalipoagizwa matano ana nafasi ya kuficha moja dhaifu katikati ya wingi, hata kama hakukusudia. Usawa nao ukapewa uzito kuliko ukubwa, na ndiyo maana mpaka leo, katika maonyesho ya vijiji vya Uingereza, vitunguu vitano vya wastani vinavyofanana huvishinda vinne vikubwa vyenye kimoja kidogo kando yake. Mwamuzi wa huko akikuta kazi iliyokiuka orodha huiwekea kadi yenye herufi tatu tu, N.A.S., zenye maana ileile niliyoiandika mimi, na hatazami tena uzuri wake.

Kutoka kilabuni hadi uwanja wa kijiji kulikuwa na safari nyingine. Chama cha kilimo cha bustani cha London kilianzishwa tarehe 7 Machi 1804 katika duka la vitabu, kikapewa hadhi ya kifalme mwaka 1861, lakini hicho kilikuwa cha mabwana wakubwa. Anayenivutia zaidi ni kasisi mmoja, John Stevens Henslow, profesa wa botania wa Cambridge, ambaye ndiye aliyempendekeza mwanafunzi wake Charles Darwin asafiri na meli ya Beagle. Mwaka 1837 Henslow alipewa parokia ya Hitcham, katika jimbo la Suffolk, kijiji cha vibarua maskini wa mashambani. Alipigania vibarua wapewe vipande vidogo vya ardhi walime chakula chao wenyewe, na wenye mashamba makubwa wakampinga vikali, kwa hofu kwamba kibarua mwenye bustani yake atafika kazini amechoka. Hakurudi nyuma. Akaanzisha maonyesho ya maua na mboga yaliyofanyika kwenye uwanja wa nyumba yake, akaweka meza ya vitu vya kujifunzia, akatoa maelezo mafupi kwa umati, na kuwapa zawadi watoto wa shule waliokusanya maua ya porini, kwa kuwa aliwafundisha botania kwa dhati, mpaka mtoto wa kibarua aliweza kulichambua ua sehemu kwa sehemu.

(Henslow huyohuyo ndiye aliyewaonyesha wakulima wa Suffolk, katika miaka ya 1840, kwamba vijiwe vya fosfeti vilivyokuwa kwenye ardhi yao vingeweza kufanywa mbolea. Kila ninapopita Minjingu, penye machimbo ya fosfeti, nikielekea Babati humkumbuka.)

Wachungaji na wamiliki wa ardhi wengine waliounga mkono maonyesho ya vijijini hawakuwa wote na moyo wa Henslow. Wengi walitaka kumwondoa kibarua kilabuni, wakasahau, au hawakujua, kwamba mchezo wenyewe ulilelewa humohumo kilabuni. Ila hema lilikaa, na makundi yakaongezeka: viazi, maharage, jemu, keki, kazi za watoto. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali ya Uingereza ilihimiza watu walime mboga hata kwenye bustani za maua.

Nchi yetu nayo imo katika historia hii kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota kwenye milima ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 ukapewa jina la kisayansi Saintpaulia na kuonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji. Wajerumani bado wanauita kwa jina la Usambara, na leo umo katika vyungu vya madirishani duniani kote. Sisi tunaopanda basi la Lushoto tunaupita bila kuujua.

Hapa Arusha wengi tumeyajua maonyesho kupitia Nane Nane, kwenye viwanja vya Themi kule Njiro, ambako Arusha, Kilimanjaro na Manyara hukutana kila Agosti. Ni jambo zuri, lakini pale anayetazamwa zaidi ni taasisi na banda lake. Onyesho la kijiji linamtazama mtu mmoja na mashina yake matano. Lakini si kila mmea huingia shindanoni: kule Moshi, sale linalopandwa kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kubebwa mkononi mtu anapokwenda kuomba msamaha, sijaona mzee wa Kichaga akikubali liwekwe kwenye chupa lipewe alama, nami sitampendekezea.

Nilimweleza mama yule karibu yote haya nilipomtembelea nyumbani kwake wiki iliyofuata. Alisikiliza akipogoa. Binti yake, ambaye amewahi kufanya kazi katika shamba la maua ya kuuzwa kwa mnada Ulaya huko Usa River, alidakia kwamba kazini kwao waridi hupangwa kwa urefu wa shina, sentimita 40 na 40, 50 na 50, na shina moja lisilolingana hurudisha fungu zima nyuma. “Kumbe hata Wazungu wa mnadani,” alisema mama yule, na hakumalizia.

Mwaka huu alifika mapema kuliko wote. Mezani aliweka mashina matano, akayahesabu kwa sauti mbele yangu, na waridi la sita alikuwa amelichomeka kwenye kilemba.